Shailendra: fundi wa reli aliyetunga nyimbo za Kihindi ambazo mzee wangu ameimba maisha yake yote bila kujua maneno

Mtoto_wa_Landimawe
Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Nimeuahirisha mara tatu, leo mvua imenifungia nyumbani.

Mzee wangu alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya reli hapa Nairobi. Aliingia kama mwanagenzi ikiwa bado East African Railways, akawa humo humo 1977 Jumuiya ilipovunjika na mabehewa yakaandikwa jina jipya. Sisi tulikulia nyumba za reli pale Landimawe. Jioni akirudi alikuwa ananawia nje kwenye karai, anasugua mikono kwa kipande cha sabuni na mchanga, na alikuwa na wimbo wake mmoja wa Kihindi. Mstari wa kwanza anautamka vizuri kama Mhindi wa Ngara. Wa pili ni nusu. Kuanzia wa tatu ni la-la-la mpaka mikono iwe safi.

Aliutoa Shan. Vijana mnaijua hiyo nyumba kama Sarakasi Dome, mnaenda kuona sarakasi na matamasha. Wakati wa kina mzee ilikuwa sinema ya filamu za Kihindi. Walitoka Landimawe kwa miguu, wanakata Muthurwa, wanapanda River Road hadi Ngara, na kurudi usiku hivyo hivyo wakiimba. Hakuna hata mmoja aliyejua Kihindi zaidi ya kile cha dukani.

Sasa, Pasaka iliyopita nikamwuliza: mzee, huu wimbo ni wa nani? Akajibu bila kufikiri, "Raj Kapoor." Nikamwambia hapana, Raj Kapoor ni mwigizaji, alikuwa anachezesha midomo tu, sauti ni ya mtu mwingine anaitwa Mukesh. Alinitazama kama nimemtukana mtu wa ukoo wetu. Nikaongeza: na maneno si ya Mukesh pia. Aliyeyatunga anaitwa Shailendra, na kabla ya kutunga nyimbo za filamu alikuwa karakana ya reli, Bombay.

Mzee akaweka kikombe chini. "Karakana gani?"

Basi huyo ndiye mtu wa uzi huu.

Mtoto_wa_Landimawe
Naendelea. Jina kamili ni Shankardas Kesarilal, Shailendra ni jina alilojulikana nalo kwa utunzi. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1923 Rawalpindi, mji ambao leo uko Pakistan. Asili ya familia ilikuwa Bihar, tena kutoka jamii za Dalit, wale ambao mfumo wa matabaka ya Kihindu ulikuwa umewaweka chini kabisa. Akakulia Mathura. Alipokuwa kijana akafika Bombay kutafuta kazi kama tunavyofika sisi Nairobi, na mwaka 1947 alikuwa mwanagenzi kwenye karakana ya reli ya Matunga.

Angalieni huo mwaka. Ndio mwaka India ilipata uhuru na kukatwa vipande viwili. Mji aliozaliwa ukabaki upande wa pili wa mpaka. Punjab ikawaka moto, watu wakachinjana, treni zikawa zinafika stesheni zimejaa maiti. Na yeye ni mfanyakazi wa reli.

Akatunga shairi, Jalta Hai Punjab, yaani Punjab inaungua. Alikuwa mwanachama wa IPTA, jumuiya ya wasanii wa mrengo wa kushoto waliokuwa wakipeleka michezo na nyimbo kwa wafanyakazi. Ile kauli mbiu ya migomo inayopigwa mpaka leo mitaani India, kwamba mbele ya kila dhuluma wito wetu ni mgomo, ni yake. Wanaoipaza wengi hawajui kwamba ina mwenyewe.

Siku moja akalisoma shairi hilo mbele ya watu. Kwenye hadhira alikuwapo kijana mwenzake, Raj Kapoor, ambaye alikuwa anatengeneza filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, Aag, iliyotoka 1948. Akamfuata Shailendra, akataka kulinunua lile shairi. Shailendra akakataa. Mashairi yake si bidhaa.

Kisha mke akashika mimba. Mshahara wa karakana mnaujua. Akafunga safari mwenyewe hadi kwa Raj Kapoor kuomba kazi. Wakati huo ilikuwa inapigwa filamu ya Barsaat na nyimbo mbili zilikuwa hazijapata maneno. Akaziandika, akalipwa rupia 500. Filamu ikatoka 1949, ikavuma, na karakana ya Matunga ikapoteza fundi.

Kijana_wa_Umoja
Sasa hapo si alijiuza tu? Jana mashairi si ya kuuza, leo niko mlangoni nipe kazi. Mnamsifu mtu kwa sababu amekufa na ni mgeni. Angekuwa msanii wa hapa mngemwita kigeugeu.

Mama_Ngara
Wewe kijana una mtoto?

Kijana_wa_Umoja
Hapana, mama.

Mama_Ngara
Basi ngoja.

Fundi_Gereji
😂😂 Uzi ungefungwa hapo.

Mtoto_wa_Landimawe
Kijana wa Umoja, swali lako si baya, hata mimi nililiuliza. Lakini tazama alichokataa na alichokubali. Alichokataa kuuza ni shairi la watu waliokufa, aliloliandika kwa uchungu wake. Alichouza baadaye ni kazi ya mikono: kuna pengo hapa, tuletee maneno. Kwa fundi hivyo ni vitu viwili tofauti. Mzee wangu asingeuza kitanda alichomtengenezea mama, lakini vitanda vya watu alichomelea vingi kila Jumamosi.

Na kazi yenyewe ni ya kifundi kweli. Wengi tunadhani mtu anaandika shairi, halafu wapigaji wanalitafutia sauti. Filamu za Bombay mara nyingi zilikuwa kinyume. Mwongozaji anasimulia tukio: hapa kijana anaingia mjini, hana senti, ana furaha. Wapigaji wanakaa na harmonia na tabla mpaka sauti ipatikane, na ili isiwapotee wanaijaza maneno yoyote ya ovyo, ta-ra-ra, lo lote linalokaa mdomoni. Ndipo mtunzi wa maneno anapewa ile sauti kama vile fundi anavyopewa fremu ya mlango. Upana ni huu, urefu ni huu. Kata chuma chako kiingie, kisionekane kimelazimishwa.

Mstari wa kwanza wanauita mukhda, yaani uso. Huo ndio utakaorudiwa, kama kibwagizo chetu, na ndio unaompeleka mtu sinema. Beti zinazofuata zinaitwa antara. Mzee wangu alikuwa na mukhda kamili, antara zote la-la-la. Waliokwenda shule na mizani ya nane kwa nane mnajua adha ya neno lililozidi silabi moja. Huyu alikuwa anakutana nayo kila wiki, na nje kuna mtayarishaji anaangalia saa.

Fundi_Gereji
Hapo kwa fremu umenipata. Mlango ukizidi nusu inchi unapiga nyundo, ukipiga nyundo mteja anaona.

Bi_Mvita
Wanangu, mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Pumwani, niwatie neno. Hayo ya kutia maneno kwenye sauti iliyokwisha kutengenezwa sisi twayajua zamani. Marehemu Juma Bhalo alikuwa akichukua sauti za filamu za Kihindi, maneno yakawa ya Kiswahili safi, na nyimbo nyingi alizoimba zilikuwa mashairi ya binamu yake, Ahmad Nassir, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Harusini watu wazima wakilia. Lakini uliza wimbo wa nani, utaambiwa wa Bhalo. Ahmad Nassir atajwa na walimu.

Kwa hivyo baba yako asione haya kusema Raj Kapoor. Ndivyo watu walivyo.

Mtoto_wa_Landimawe
Shikamoo Bi Mvita, ahsante. Nitamwambia mzee, ataponea hapo.

Kazini Shailendra hakuwa peke yake, na hapa ndipo Nairobi itafurahi. Raj Kapoor alikuwa na kikosi: Mukesh wa sauti, Shankar na Jaikishan wa muziki, na watunzi wa maneno wawili. Wa pili aliitwa Hasrat Jaipuri. Mnajua alikuwa akifanya nini Bombay kabla ya hapo? Kondakta wa basi.

Makanga_Mstaafu_46
Rudia tena.

Mtoto_wa_Landimawe
Kondakta wa basi, miaka kadhaa. Anakata tiketi mchana, jioni anasoma mashairi.

Makanga_Mstaafu_46
Nimepiga chapa, naenda kubandika kwenye gari la mtoto wangu. Miaka 19 nimening'inia mlangoni na hakuna aliyeniuliza kama nina shairi.

Mtoto_wa_Landimawe
Subiri, kuna wa tatu. Mwaka 1963 ilitoka filamu ya Bandini ya mwongozaji Bimal Roy, muziki wa S. D. Burman, nyimbo za Shailendra. Katikati ya kazi wakakosana yeye na Burman. Ulipobaki wimbo, Shailendra akamsukuma kijana mmoja aende akauandike, na yule kijana hakutaka kabisa, alikuwa anataka vitabu, si filamu. Akaenda shingo upande. Wimbo ukawa Mora Gora Ang Lai Le, na kijana ni Gulzar, ambaye leo ni jina kubwa kuliko wote. Wakati huo alikuwa akifanya kazi gereji, anachanganya rangi za kupaka magari yaliyogongwa.

Fundi wa reli, kondakta, mchanganya rangi. Ukiwashusha watatu hao pale Kirinyaga Road saa nne asubuhi, hakuna atakayewageukia.

Mwalimu_Kariokor
Uzi mzuri, lakini naomba kurekebisha kidogo. Umeandika kana kwamba nyimbo za Raj Kapoor zilikuwa za Shailendra. Nyingi ni za Hasrat. Na kuna moja kubwa, Duniya Bananewale, watu humpa Shailendra kwa sababu filamu ilikuwa yake. Maneno ni ya Hasrat.

Mtoto_wa_Landimawe
Uko sahihi, mwalimu. Hiyo filamu nakuja nayo, ndiyo iliyomtia shimoni. Na kweli waligawana kazi. Kwa jumla Hasrat alipewa mapenzi, Shailendra akapewa barabara, njaa na maswali, ingawa kila mmoja aliingia shamba la mwenzake.

Sasa wimbo wa mzee. Mera Joota Hai Japani, filamu ya Shree 420 ya 1955. Raj Kapoor anatembea barabarani na kifurushi chake kwenye fimbo, anaimba kwamba viatu ni vya Japani, suruali ya Kiingereza, kofia nyekundu kichwani ya Kirusi, lakini moyo ni wa Kihindi. Basi. Hakuna neno hapo ambalo mtoto wa darasa la kwanza India hajui. India ilikuwa na miaka minane tu ya uhuru, imevaa vya watu, na mtu huyo akaieleza kwa nguo za mtu mmoja maskini.

Nilipomfasiria mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ni wimbo wa mitumba!"

Gikomba_Fagia
Mzee amesema kweli. Mimi ndiye huyo. Koti la Canada, jinzi la Uingereza, raba za Ujerumani, njaa ya Kayole.

Mama_Ngara
Gikomba_Fagia umeshinda, sijui nini lakini umeshinda.

Kijana_wa_Umoja
Sawa, wimbo ni mtamu. Lakini si ndiyo hoja yangu? Maneno mepesi, mtu wa mtaani anashika, filamu inauza. Hiyo ni biashara. Mtu wa kauli mbiu za mgomo akawa mtu wa nyimbo rahisi.

Mtoto_wa_Landimawe
Hapana, na nina ushahidi, tena kutoka filamu hiyo hiyo. Ndani yake kuna Pyar Hua Ikrar Hua, ule wa mvua, wawili chini ya mwavuli mmoja. Shailendra akaandika kwenye ubeti kwamba usiku utazisimulia pande kumi hadithi zao. Upande wa muziki ukapinga. Watu wanajua pande nne, hizo kumi nani atazielewa? Badilisha. Akakataa katakata. Msimamo wake ulikuwa kwamba si haki kumbandika mtazamaji wepesi wa akili halafu ukasema ndio anaoupenda yeye. Mstari ukabaki. Watu wakauimba na pande zao kumi, na dunia haikuanguka.

Kwa wasiojua, hizo kumi ni nne tunazozijua, nne za pembeni, juu na chini. Imo kwenye dini na mashairi yao tangu zamani. Bibi wa kijijini asiyesoma anaijua. Aliyedhani watu hawataelewa ni yule aliyeketi studioni.

Hapo ndipo huyu mtu aliponishika, wadau. Alitoka kwa watu wa chini, kwa hivyo hakuwaogopa wala hakuwadharau. Neno jepesi alilitumia kwa sababu ndilo alilozungumza karakana, na neno zito alipolihitaji aliliacha limesimama pale pale, akiamini mtu wa karakana atalibeba. Nisikilize redio zetu asubuhi halafu nirudi kwake, naona tofauti. Huku kwetu mtu anaandika upuuzi akiulizwa anasema wananchi ndio wanataka.

Mwalimu_Kariokor
Hilo la mwisho lisimame kwenye lango la kila studio.

Bi_Mvita
Kweli mwalimu. Mtu mzima haambiwi "hutaelewa".

Mtoto_wa_Landimawe
Nipite haraka miaka ya neema, maana ikiwa nyimbo zote nitazitaja tutakesha. Awaara ya 1951 ilikuwa imetangulia, na ule wimbo wa mzururaji ukaimbwa Umoja wa Kisovieti, Uturuki na Uchina na watu wasiojua Kihindi, sawa na kina mzee pale Ngara. Akafanya kazi na Bimal Roy kwenye Do Bigha Zamin ya 1953, mkulima anayepoteza shamba na kwenda kukokota riksho mjini. Na mtunzi wa muziki Salil Chowdhury kwenye Madhumati, 1958. Na Ravi Shankar wa sitar kwenye Anuradha, 1960. Na Burman tena, walipopatana, kwenye Guide ya 1965, na nadhani hizo za Guide ndizo kazi zake zilizokomaa kuliko zote. Tuzo ya Filmfare, zile tuzo kubwa za filamu za Kihindi, ya mtunzi bora wa maneno ilipoanza kutolewa, mshindi wa kwanza alikuwa yeye, kwa wimbo wa filamu ya Yahudi. Akaipata tena kwa Anari.

Kisa kimoja tu cha katikati. Shankar na Jaikishan walimwahidi kwamba watamtaja kwa watayarishaji wengine. Wakanyamaza. Hakuenda kugomba. Akawapelekea kikaratasi cha mistari miwili: dunia hii ni ndogo, njia zinajulikana, ipo siku tutakutana mahali, nami nitawajulia hali. Wakaona aibu, wakaomba radhi, na kile kikaratasi wakakitia muziki. Ni Chhoti Si Yeh Duniya kwenye Rangoli, 1962.

Fundi_Gereji
Deni la kudai kwa shairi halafu shairi linalipwa. Mimi nadai wateja wanne, nitajaribu.

Mama_Ngara
Tuma kwa M-Pesa kabisa, na namba chini.

Mtoto_wa_Landimawe
Sasa shimo. Mnisamehe, hapa nitakaa.

Kulikuwa na hadithi fupi ya mwandishi Phanishwarnath Renu kutoka Bihar, kule kwa asili ya Shailendra. Inahusu Hiraman, mwendesha mkokoteni wa maksai. Mtu mwema, mshamba kidogo. Aliwahi kubeba mali ya magendo akaponea chupuchupu, akaapa harudii. Akabeba mianzi ikamletea balaa barabarani, akaapa harudii. Kisha usiku mmoja akapewa abiria mwanamke, Hirabai, mchezaji wa nautanki, yale maonyesho ya kuimba na kuigiza yanayohama mnada hadi mnada. Safari ni ndefu, maksai wanakwenda polepole, anamwimbia nyimbo za kijijini na kumsimulia hadithi za mtoni. Hamwoni kama mwanamke wa jukwaani. Anamwona kama malaika, na mwanamke hajawahi kutazamwa hivyo. Haiwezekani, wote wawili wanajua, mmoja anajua mapema zaidi. Mwisho Hirabai anapanda treni. Hiraman anabaki na maksai wake, anaapa kiapo cha tatu: hatabeba tena mchezaji wa nautanki.

Shailendra akaamua hiyo ataitayarisha yeye mwenyewe, kwa pesa yake. Teesri Kasam, Kiapo cha Tatu. Mwongozaji Basu Bhattacharya. Kamera akampa Subrata Mitra, yule aliyempigia mwongozaji mashuhuri Satyajit Ray. Hiraman ni Raj Kapoor, Hirabai ni Waheeda Rehman. Husimuliwa kwamba Raj Kapoor alimwambia kwa uso mkavu kwamba anataka malipo yake yote mbele, Shailendra akasawijika, halafu Raj akasema: rupia moja. Lete.

Kazi ikachukua miaka. Mtunzi wa nyimbo si mfanyabiashara, kila siku ya kuchelewa inakula. Walipoiona wasambazaji wakasema ni nzuri lakini mwisho unaua soko, wapatanisheni hao wawili, treni isiondoke. Hata Raj Kapoor alimshauri hivyo. Akakataa. Ni zile pande kumi tena, ila mara hii hakuwa anatetea mstari mmoja, alikuwa anatetea nyumba na akiba yake yote.

Ilitoka 1966. Ikaanguka. Wadai wakaanza kuja. Pombe nayo haikumsaidia. Alifariki Bombay tarehe 14 Desemba 1966, ana miaka 43, siku ambayo Raj Kapoor alikuwa anatimiza miaka 42. Baada ya hapo filamu ikapewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya mwaka.

Kijana_wa_Umoja
Acha niseme kitu. Mimi si adui wa huyu mzee. Mimi naandika maneno ya nyimbo. Nimeandikia waimbaji wa injili, nimeandikia mgombea mmoja wimbo wa kampeni, mnaujua, mmecheza. Ule wa injili uliopigwa sana kwenye harusi mwaka juzi, nililipwa elfu tatu. Jina langu halipo popote. Nilipouliza niliambiwa "lakini si wewe uliyeimba". Kwa hivyo niliposoma rupia 500 nilikasirika, nikamkasirikia yeye badala ya yule aliyenilipa.

Mama_Ngara
Pole mwanangu. Ndiyo maana nilikuuliza una mtoto. Nilikuona una hasira ya mtu anayefanya kazi.

Bi_Mvita
Pole sana mwanangu. Ukiandika tena, tia jina lako ndani ya ubeti wa mwisho, kama walivyofanya malenga wa zamani. Atakayeimba atakutaja apende asipende.

Kijana_wa_Umoja
Shangazi hilo sikuwa nimelifikiria. Nalifanya kesho.

Mwalimu_Kariokor
Hata washairi wa Kiurdu walifanya hivyo hivyo, jina kwenye ubeti wa mwisho. Kwenye filamu desturi hiyo haikuingia, maana anayeimba ni mhusika, si mtunzi.

Mtoto_wa_Landimawe
Nimekubali. Kijana, weka jina lako hapa tukujue kabisa, au nitumie kwa siri.

Nimalizie kilichobaki. Tuzo ya Filmfare ya tatu ilimfikia akiwa ameshafariki, kwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Brahmachari, filamu ya 1968. Na kuna Jeena Yahan Marna Yahan wa Mera Naam Joker, 1970. Aliuacha haujakamilika, mwanawe Shaily akaumalizia.

Watu hupenda kusema filamu ndiyo iliyomuua. Mimi sikubali. Filamu haikudai mtu. Nimeitazama mara mbili, iko mtandaoni, ni nyeusi na nyeupe. Kuna sehemu mkokoteni unapita chini ya miti, hakuna kinachotokea kwa dakika nzima, magurudumu yanalia tu, Raj Kapoor ameinamisha kichwa anaimba Sajan Re Jhoot Mat Bolo, mpenzi usiseme uongo, kwa Mungu utaenda kwa miguu, huko hakuna tembo wala farasi. Mtu aliyetaka soko angeikata hiyo dakika. Nashukuru haikukatwa.

Makanga_Mstaafu_46
Inapatikana na maandishi ya Kiswahili?

Mtoto_wa_Landimawe
Ya Kiingereza tu. Mimi nilimfasiria mzee sentensi kwa sentensi, filamu ya saa mbili na zaidi ikawa ya saa nne, na chai mara tatu.

Fundi_Gereji
Na mzee alisema nini ilipoisha? Usitunyime.

Mtoto_wa_Landimawe
Treni ilipoondoka na Hirabai hakusema kitu. Aliitazama injini mpaka ikapotea. Kisha akaniuliza kama nimesoma mahali popote kwamba pale Matunga wakati wa Shailendra walikuwa wanachomelea kwa gesi au kwa stima, kwa sababu kama ni stima, macho yake yalikuwa yanamsumbua usiku, na hiyo anaijua.

Mwenye jibu aliweke hapa. Ameniuliza tena leo asubuhi.